Sabasaba yetu ilipokwisha mtutu: tulivyochagua risasi mpya bila kumpoteza Baba

Wakuu, poleni na majukumu.

Uzi huu ni mrefu kidogo, kwa hiyo mwenye chai aisogeze karibu. Yote nitakayoandika yametokea nyumbani kwetu, na siwezi kutia chumvi hata nikitaka, maana mdogo wangu naye ni member humu na ataniumbua kwenye comment ya kwanza.

Nijitambulishe kwanza kwa wale waliozoea kuniita mkuu kila nikichangia jukwaa la magari. Mimi ni dada. Nauza spea za pikipiki hapa Majengo, Sumbawanga.

Na ninyi ambao mkisikia Sumbawanga mnaanza mambo ya ungo, subirini. Ningekuwa na ungo nisingekaa barabarani hadi Arusha mpaka miguu ikavimba.

Tuendelee.

Baba yangu ni mkulima wa Msanzi, kule Kalambo. Mahindi, ulezi, maharage na alizeti kidogo. Pia ana leseni ya bunduki tangu mimi sijazaliwa. Ni rifle ya zamani ya Kijerumani, ile ya kuvuta bolti, ambayo alihamishiwa kihalali na padre mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao kupumzika uzee.

Hiyo bunduki ina jina. Inaitwa Sabasaba.

Watu wengi kijijini wanaamini Baba aliipata siku ya sikukuu ya Sabasaba. Wala. Ubavuni mwa mtutu pameandikwa 7x57. Yule padre, kwa Kiswahili chake cha kupanda mlima, alikuwa akiitaja "saba kwa hamsini na saba", lakini ile hamsini inamezwa njiani, wewe unasikia saba na saba tu. Jina likakaa.

Kwa wasiojua: saba ya kwanza ni upana wa tundu la mtutu kwa milimita, na hamsini na saba ni urefu wa ganda la risasi. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui mpaka yaliponikuta haya.

Sasa kazi ya Sabasaba.

Ufipa ni nyasi na upepo, miti ni ya kutafuta, lakini mabondeni kuna vichaka, na humo vichakani wanalala nguruwe pori. Mahindi yakianza kubeba, hawa jamaa wanapanda usiku. Hawali wakashiba wakaondoka. Wanaangusha, wanatafuna nusu, wanahamia mstari mwingine. Asubuhi unakuta shamba kama limelaliwa na ng'ombe.

Kila msimu Baba anachukua kibali kwa afisa wanyamapori, anaingia kazini. Na utaratibu wa kijiji ulikuwa huu: Jumapili misa ikiisha, watu wanamzunguka pale nje ya kanisa. "Baba Leo, nguruwe wamelala kwangu." "Baba Leo, kwangu wamemaliza upande wa mtoni." (Leo ndiye mimi, kifupi cha Leokadia.) Baba anasikiliza, anauliza wamepitia wapi, upepo ulikuwa unatoka wapi, halafu anapanga nani ataanza.

Wakuu, ile ndiyo ilikuwa saa ya Baba. Mzee wangu si mtu wa maneno, lakini pale nje ya kanisa alikuwa anakua mrefu.

Kisha akaanza kukosa.

Mwanzoni alikosa mmoja, akacheka. Akakosa tena. Halafu msimu wa mwaka juzi akampiga dume shambani kwa mama mmoja mjane, jirani yetu, Mama Yustina. Akampiga vibaya. Nguruwe akaondoka na jeraha, akaingia bondeni.

Baba alimfuata mchana kutwa. Hakumpata.

Kwa mtu aliyelelewa na uwindaji, kumwacha mnyama na jeraha ni aibu inayomnyima mtu chakula. Alirudi nyumbani, Mama akamwekea ugali na maharage, akanawa, akaangalia ile sahani, akanyanyuka. Mama ndiye aliyenisimulia kwa simu. Aliniambia, "Baba yako leo amezeeka."

Tangu hapo, Jumapili Baba alianza kukaa benchi la nyuma kabisa. Padre akinyanyua mkono kutoa baraka ya mwisho, mzee yuko mlango wa pembeni tayari. Asije akakutana na mtu wa kumwambia habari za nguruwe.

Nilikuwa naenda kusalimia, nakaa naye benchi moja, nageuka kusema amina, pembeni yangu hakuna mtu. Iliniuma sana jamani.

Mwaka jana mavuno yalipokaribia akaniambia neno ambalo lilinikata maini. "Mwanangu, hii bunduki nitairudisha polisi. Nimeshawaambia. Macho yamekwisha na mikono inatetemeka. Nitakuja kumuua mtu."

Nikamwambia, "Baba, wewe sindano unaitunga uzi mwenyewe, macho gani yamekwisha?"

Akatoka nje kuangalia kuku ambao hawakuwa na shida yoyote.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Siku hiyohiyo naenda nyuma ya ghala kutafuta ndoo, nikakuta boksi limesimamishwa kwenye kichuguu. Boksi la spea, nililiacha mimi mwenyewe siku nimewaletea vitu. Lina matundu. Mzee kumbe alikuwa anajijaribu peke yake, bila kumwambia mtu.

Matundu yalikuwa yametawanyika ovyo, hilo kweli. Lakini kilichonishangaza ni umbo lake. Hayakuwa ya duara. Yalikuwa marefu, kama tundu la kitasa. Mengine yalikuwa na umbo zima la risasi iliyolala kwa ubavu.

Mimi si mtaalamu wa bunduki, lakini maisha yangu yote ni bearing na bushi. Kitu cha duara kikiacha alama ndefu, ujue kuna sehemu imelika na hicho kitu kinacheza. Kosa la jicho linaweza kuipeleka risasi pembeni. Haliwezi kuilaza ubavu.

Nikapiga picha, nikaileta humu humu jukwaani. Wengi mlinijibu utani, mwingine akaniambia ni mambo ya kwetu Sumbawanga, nikaombewe. Ila kuna mkuu mmoja aliandika mstari mmoja tu: "Mtutu umekwisha huo, mistari ya ndani haishiki risasi. Mwambie mzee hajakosea."

Ule mstari niliusoma mpaka nikaukariri.

Nikamwendea Baba. Nikamwonyesha simu. Akaisoma kwa kuisogeza mbali kidogo, akanirudishia.

"Chuma hakichoki," akasema. "Nimechoka mimi."

Nikaanza kubishana, akahamia Kifipa. Na Baba akihamia Kifipa ujue Kiswahili kimemkimbia kwa hasira, bora unyamaze. Alipopoa nikamwekea dau: "Tuipeleke kwa fundi mwenye kibali ikapimwe. Akisema nzima, mimi mwenyewe nitakusindikiza polisi kuirudisha, na sitasema neno."

Akafikiri sana. Akasema sawa. Nadhani alikubali ili niache kumsumbua.

Hapa niwape angalizo. Nilipotaja shida hii pale Majengo, kuna fundi welding mmoja mshikaji wangu akaniambia leta, nitakuchomelea bomba safi. Wakuu, msifanye hivyo kamwe. Mtutu si bomba la exhaust. Ukikosea hapo, unaweza kuzikwa bila uso. Kubadili mtutu ni kazi ya fundi aliyesajiliwa, polisi wakijua, na leseni ikirekebishwa. Sisi tulianzia polisi, tukapewa barua ya kusafiri nayo, ndipo tukaondoka.

Mdogo wangu Gaudens anaishi Mbeya, ana pick-up. Alitupokea hapo, tukaendelea naye mpaka Arusha. Na huyo Gaudens ndiye alianzisha vita ya pili.

Yeye kichwani alishaamua. Kama mtutu unabadilishwa, tuweke wa .375, risasi nene ya wanyama wakubwa.

"Dada, tuache mambo ya nguruwe. Hiyo ndiyo inaruhusiwa kwa nyati. Mtu akisikia mzee ana .375 anakaa sawa. Bunduki ya heshima ile."

"Nyati wa Msanzi wako wapi?" nikamuuliza.

"Si lazima wawepo Msanzi."

Njia nzima ni hiyo. Kutoka Iringa mpaka Dodoma anahesabu sifa za .375, utafikiri analipwa. Baba kiti cha nyuma amelikumbatia begi la bunduki kama mgonjwa anayepelekwa rufaa.

Na mimi nikawa na swali langu moja tu la dukani. Mtu akija kununua pikipiki ya ajabu ajabu namuuliza: spea yake utaipata wapi? Maana pikipiki unanunua mara moja, spea unanunua mpaka uzeeni. Nikaona bunduki nayo ni hivyohivyo. Usianze na nguvu ya bunduki. Anza na duka la risasi lililo karibu.

Kwa hiyo tulipokuwa bado Mbeya niliingia kwenye duka lenye leseni ya kuuza risasi, nikamuuliza yule baba wa kaunta: katika zote hizi, ipi haikuishii mwaka mzima? Akanijibu bila kufikiri. Za shotgun, .375 na .30-06. Nikamuuliza ya 7x57. Akatabasamu kwa huruma. "Hizo zilikuwa zinakuja zamani, dada. Mteja wake wa mwisho simkumbuki."

Sikumwambia Baba. Nikameza.

Tukafika kwa fundi. Ni mzee mwenye sauti, mwenye maneno mengi, mwenye kujisikia, na kwa kweli ana haki ya kujisikia. Tukamwamkia, shikamoo, marahaba. Akaipokea Sabasaba, akatoa bolti, akachungulia mtutu kwenye mwanga wa dirisha. Halafu akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Akanusa.

Akanusa tena. Akamgeukia Baba.

"Mzee mwenzangu, humu ndani mmekaanga nini?"

Gaudens akapasuka kucheka. Baba akanywea.

Ikabidi aseme. Mafuta ya bunduki yaliyoachwa na padre yaliisha miaka mingi iliyopita. Kwetu alizeti tunalima, tunakamua, kila nyumba ina dumu. Mafuta ni mafuta. Kila akitoka shamba Baba anafuta mtutu kwa kitambaa chenye mafuta ya alizeti, tena yale mazuri ya kwanza. Alikuwa anaipenda hiyo bunduki kuliko baiskeli yake.

Fundi akatueleza. Mafuta ya kupikia yakikaa yanaganda, yanakuwa kama ile gundi inayobaki pembeni ya kikaango. Yanashika unyevu chini yake, na Ufipa ukungu tunao wa kutosha. Kutu inakula polepole chini ya ile gundi, na mwenyewe huioni kwa sababu juu panang'aa. Ile mistari ya kuizungusha risasi ilikuwa imeliwa, karibu yote. Risasi inatoka haizunguki, inapinduka hewani.

"Kwa mtutu huu," fundi akasema, "hata mimi nisingeipiga nyumba nikiwa ndani yake."

Nilimwangalia Baba. Sikuona furaha. Niliona mtu anayehesabu upya kila risasi aliyokosa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na yule dume?"

Fundi hakujua habari za dume. Nikajibu mimi. "Na yule dume, Baba. Ulimlenga vizuri."

Akavua kofia, akaishika mkononi, akaivaa tena.

Sasa tukaingia kwenye kuchagua. Fundi akapanga risasi mezani, moja moja zimesimama. Gaudens akaidaka .375 kabla haijasimama vizuri.

Fundi akamnyang'anya. Akachukua bolti ya Sabasaba, akaweka kitako cha ile risasi kwenye uso wa bolti. Haikuingia. Ni nene. "Ili hii ikae, nitanue bolti, nile chuma cha bodi mbele na nyuma. Bodi ya watu ina umri mkubwa kuliko ninyi wote. Naweza, lakini sitaki. Na mzee, hilo bega vipi?"

Alikuwa ameona. Baba bega lake la kulia lilivunjika zamani, alianguka na baiskeli akiwa na gunia la ulezi, likaungwa likakaa upande. Gaudens alikuwa amelisahau hilo bega. Mtu unamwona baba yako miaka yote mpaka humwoni. Mdogo wangu akairudisha .375 mezani mwenyewe, taratibu, na hakuitaja tena mpaka leo. (Gaudens, nakuona uko online.)

Ikafuata 9.3x62. Hii fundi aliipenda sana, akasema ilitengenezwa kwa bodi kama hizi, wakulima wa zamani Afrika waliitumia kwa kila kitu. Inaingia bila kula chuma. Lakini mateke yake si ya bega lililoungwa, na yule baba wa Mbeya alisema zinakuja kwa kubahatisha.

Ikabaki .30-06. Kitako kinaingia kwenye bolti yetu kama walizaliwa pamoja. Sanduku la risasi la ndani ya bunduki litachongwa kidogo mbele kwa sababu ni ndefu kuliko ya zamani. Kwa nguruwe inatosha na kuzidi. Ukichagua yenye kichwa chepesi na ukaweka mpira kwenye kitako cha bunduki, bega litavumilia. Na Mbeya haiishi.

Mimi moyoni nimeshamaliza. Nikamgeukia Baba.

Baba alikuwa ameitoa mfukoni risasi ya mwisho ya Sabasaba. Akaisimamisha mezani pembeni ya zile nyingine.

"Naomba hii," akasema.

Fundi akamwambia ukweli. Mtutu wa 7x57 naweza kukuagizia. Lakini risasi mzee, utakuwa unaagiza kutoka nje kila mara, kwa vibali, unasubiri. Nguruwe hawatakusubiri.

"Basi haina haja," Baba akasema. Akanyanyuka. "Ikiwekwa nyingine si Sabasaba tena. Ni bunduki ya mtu mwingine. Leo mwanangu, twende tukairudishe polisi, iishie na jina lake."

Wakuu, hapo ndipo nilipoogopa kwa kweli. Tumetoka Sumbawanga safari yote ile. Tumeshajua macho ni mazima. Halafu mzee anarudi kwenye benchi la nyuma kwa sababu ya jina. Nilitaka kulia, nilitaka kumfokea, na huwezi kumfokea baba yako mbele ya fundi.

Nikamwambia fundi, kama ninavyofanya na bearing dukani, "Hebu zipime. Zipime upana."

Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Lakini alichukua kalipa yake, kile kipimo cha kubana vyuma. Akabana kichwa cha risasi ya Baba, akasoma: saba na pointi mbili. Akabana kichwa cha .30-06. Akasoma: saba na pointi nane.

Baba alikuwa ameshafika mlangoni. Akasimama.

"Rudia," akasema.

Fundi akarudia. Saba na pointi mbili. Saba na pointi nane. Akaeleza kwamba hiyo thelathini ni hesabu za Wamarekani, wanapima kwa inchi. Ukiihamisha kwenye milimita, na hii nayo ni saba.

Baba akarudi mezani. Akainama akaisoma ile kalipa mwenyewe, bila miwani, kwa yale macho aliyosema yamekwisha.

"Kwa hiyo bado ni saba."

"Bado ni saba, mzee," fundi akasema. "Ila hii ni saba iliyoshiba."

Baba akacheka. Wakuu, sikuwa nimesikia kile kicheko tangu yule dume aingie bondeni. Gaudens akatoka nje akajifanya anaangalia tairi.

Akakubali.

Tukamwachia fundi kazi, taratibu za polisi zikaenda, leseni ikaandikwa upya. Kusubiri kulikuwa kurefu na sitawachosha nako. Ilipokamilika Gaudens alimpeleka Baba kuichukua. Fundi alimpa kopo la mafuta ya bunduki, na kwenye kopo aliandika kwa kalamu ya wino mzito: SI YA MBOGA.

Pia Baba alimwomba fundi jambo moja. Ubavuni, chini ya maandishi ya .30-06, fundi akaongeza kwa kugonga herufi ndogo ndogo: SABA.

Siku ya kuijaribu nilifunga duka nikaenda Msanzi. Baba alimtaarifu mwenyekiti wa kijiji, kisha tukaenda kwenye kichuguu nyuma ya ghala. Nilisimamisha boksi jipya na nikachora duara kwa mkaa. Upepo ulikuwa unapiga, wenyeji wa kwetu mnaujua. Baba akalala chini juu ya gunia, akaweka lile bega vizuri, akapumua.

Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, mikono iko kwenye khanga, anajifanya hana habari.

Baba akapiga mara tatu, polepole, bila haraka.

Tukaenda kuangalia wote, hata Mama. Matundu yalikuwa matatu, ya duara, safi, yamekaa pamoja. Kiganja changu kiliyafunika yote.

Baba aliyagusa kwa kidole, moja baada ya jingine. Nilifikiri atasema kuhusu bunduki, au kuhusu risasi. Akasema, "Kumbe nilikuwa bado naona."

Mama akageuka akarudi jikoni haraka. Mimi nikalia, sioni aibu kuandika hapa.

Sasa niwaambie nilichojifunza, halafu niwaachie uwanja.

Mnaotaka kubadili mtutu: chagua risasi kwa kuanzia duka, kisha bodi na bolti uliyonayo, kisha bega la mwenye kuibeba. Sifa za mtandaoni ziwe mwisho. Gaudens alianzia kwenye sifa, angeishia na bunduki ambayo mzee mwenyewe angeiogopa. Na tafadhali, alizeti ibaki kwenye maharage.

Lakini kubwa kwangu ni jingine. Mzee akikuambia amekwisha, usikubali haraka, hata kama ni yeye mwenyewe anayesema. Kagua kwanza chombo alichoshika. Baba yangu alijihukumu kwa kosa la chuma, na sisi wote tulikuwa tunamwitikia kwa upole, "ni umri, Baba, pumzika." Upole wetu ulikuwa unammaliza.

Mkuu uliyeandika ule mstari, "mwambie mzee hajakosea", ID yako naona siku hizi haiko active. Kama unasoma bila ku-login, ujue nilimwambia.

Mahindi ya Msanzi sasa yanabeba. Jumapili iliyopita nilikuwa kule, nikakaa na Baba. Safari hii benchi la katikati. Padre akanyanyua mkono, akatoa baraka, tukaitikia amina, nikageuka.

Baba alikuwa bado yupo.

Alitoka na watu kwa mlango mkubwa, akasimama pale nje, kofia mkononi, anasubiri. Wa kwanza kumfikia alikuwa Mama Yustina.

"Baba Leo, shikamoo. Wamelala kwangu."

"Marahaba mama," Baba akasema. "Wamepitia wapi?"

Wakuu, wenye uzoefu na .30-06 yenye kichwa chepesi kwenye nyasi ndefu na upepo, nipeni maoni, mzee anataka kujua na nitamsomea kila comment. Wa mambo ya ungo nanyi karibuni, nawasubiri kwa hamu.